TV yenye HDR ikionekana giza, usiirudishe mpakani kabla ya kuipima hivi

KUNA simu ambayo mfanyabiashara wa TV haipendi kabisa. Mzigo umetoka Kariakoo, umevuka Rusumo, umefika Kigali salama na mteja ameshalipa. Siku ya tatu anapiga: TV ina giza. Mchezaji akiingia kwenye kivuli cha jukwaa haonekani, na upande wa uwanja unaopigwa na jua umekuwa mweupe kama karatasi. Anataka fedha zake, au aletewe TV nyingine.

Anayepiga simu hiyo mara nyingi ni mtu wa banda la gemu. Yeye hakununua TV ya kutazamia taarifa ya habari saa mbili usiku. TV ndiyo jembe lake. Vijana humlipa kwa mechi au kwa muda, na wakishindwa kuuona mpira wanahamia banda la jirani bila hata kuaga.

Kwako wewe uliyeiuza, kuirudisha TV hiyo si jambo la kupanda basi tu. Kioo cha inchi 55 kilichokwisha kutolewa kwenye boksi lake ni rahisi kupasuka njiani. Kuna nauli ya mzigo, kuna wapagazi, na kuna maelezo ya kutoa forodhani kuhusu bidhaa inayorudi ilikotoka. Faida ya TV moja inaweza kwisha kabla haijafika kwa muuzaji wa jumla. Naye muuzaji wa jumla ataiwasha dukani kwake, ataiona inang'aa vizuri, kisha atakuuliza tatizo liko wapi.

Swali hilo ni la haki, kwa sababu mara nyingi TV ya namna hiyo haina ubovu wowote. Imepangwa vibaya, au imepewa kazi isiyo saizi yake. Robo saa ya kuirekebisha kwa maelekezo ya simu inaweza kuokoa safari nzima. Na robo saa nyingine ya kuipima kabla ya kuinunua inaweza kukuepusha na lawama tangu mwanzo.

Mpagazi na kilo 80

HDR ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yanayomaanisha upana mkubwa wa mwangaza, yaani nafasi iliyopo kati ya weusi mzito kabisa na weupe mkali kabisa katika picha moja. Picha ya kawaida tuliyoizoea ilipangwa enzi za TV za chogo, na kipimo chake cha weupe wa juu kilikuwa kama niti 100. Niti ni kipimo cha mwangaza unaotoka kwenye kioo chenyewe.

Mfumo wa HDR10, ambao ndio unaotumiwa na mashine nyingi za gemu, ulitangazwa mwaka 2015. Lugha yake ya mwangaza inaweza kuagiza hadi niti 10,000. TV za kawaida za madukani hazifiki huko. TV nyingi za bei nafuu hutoa kama niti 250 hadi 350, na zile za daraja la juu hupita 1,000.

Tofauti kubwa iko katika namna amri inavyotolewa. Picha ya kawaida inaiambia TV, "toa nusu ya nguvu zako." TV yenye taa kali itatoa mwanga mwingi na yenye taa dhaifu itatoa kidogo, lakini picha itabaki na uwiano wake. Picha ya HDR haisemi hivyo. Inaagiza, "hapa toa niti 200, na pale kwenye jua toa niti 1,000."

Ni sawa na kumwambia mpagazi abebe nusu ya uwezo wake, au kumwambia abebe kilo 80. Mpagazi mwenye nguvu atazibeba. Mpagazi dhaifu ana njia mbili tu: apunguze kila kifurushi kidogo kidogo ili mzigo wote umtoshe, au aache chini vifurushi vya juu. TV dhaifu ikichagua njia ya kwanza, picha nzima inafifia. Ikichagua ya pili, kila kitu kinachozidi uwezo wake kinageuka weupe mtupu: mawingu hayana umbo, na mpira unapotea juani. Malalamiko yote mawili ya mtu wa banda la gemu yanaanzia hapo.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wengi. Mchana, katika chumba chenye mwanga, gemu ileile inaweza kuonekana na giza zaidi ikiwa na HDR kuliko ikiwa haina, hata kwenye TV nzuri. Sababu ni hiyohiyo. Picha ya kawaida iliyopangwa kwa niti 100 husukumwa na taa ya TV hadi 300 au zaidi, kwa hiyo kila kitu kinang'aa. Kwa HDR, nyasi, jezi na nyuso hubaki karibu na kiwango kilichoagizwa, na nguvu ya ziada huwekwa akiba kwa ajili ya jua, taa na moto. Mteja aliyezoea mng'ao wa picha ya kawaida ataapa kwamba TV imeharibika.

Alama kwenye boksi inasema nini

Hapa ndipo biashara inapoingia. Alama ya HDR kwenye boksi, ikiwa peke yake, ina maana kwamba TV inaielewa lugha hiyo. Haithibitishi kwamba ina nguvu ya kutekeleza amri inazopewa. TV ya niti 280 na TV ya niti 1,200 zote zinaweza kubandikwa herufi hizohizo tatu.

Mwaka 2016 umoja wa kampuni za TV na filamu unaoitwa UHD Alliance ulitoa alama ya Ultra HD Premium yenye masharti ya wazi. TV ya taa za nyuma ilitakiwa kufikia niti 1,000 na weusi usiozidi niti 0.05. TV ya OLED, ambayo kila nukta yake hujiwasha na kujizima yenyewe, ilitakiwa kufikia niti 540 na weusi wa niti 0.0005. Si lazima TV unayoinunua iwe na alama hiyo, lakini tarakimu zake zinakupa kipimo cha kile wataalamu walichokiona kuwa HDR ya kweli. Ukiwa Luthuli jijini Nairobi, Kikuubo jijini Kampala au Kariakoo, muulize muuzaji niti za TV hiyo. Asipojua, tafuta karatasi ya maelezo ya modeli hiyo. Ikiwa chini ya 400, ihesabu kuwa TV ya kawaida ya 4K na uipangie bei hiyo.

Tazama pia upande wa mashine. PS3 haina HDR, wala Nintendo Switch ya kwanza. PS4 zote ziliipata kwa programu mpya iliyotolewa Septemba 2016, na Xbox One S ilitoka nayo mwaka huohuo. PS5 na Xbox Series X na S, zilizotoka Novemba 2020, zinayo, na Switch 2 ya mwaka 2025 inayo pia. Mteja mwenye PS3 akililia TV ya HDR kwa ajili ya gemu, mweleze ukweli kwamba atalipia kitu ambacho mashine yake haiwezi kukitumia.

Hatua za kurekebisha

Mteja akipiga simu, mwambie awashe gemu yenye HDR kwanza, kisha ndipo ashike rimoti. TV nyingi hutunza mipangilio ya HDR kando na ile ya picha ya kawaida, na nyingine hutunza mipangilio tofauti kwa kila tundu la HDMI. Akirekebisha akiwa kwenye chaneli za king'amuzi, atarekebisha picha ambayo haikuwa na tatizo.

Kwanza, kebo na tundu. Gemu ya 4K yenye HDR kwa picha 60 kwa sekunde huhitaji kebo ya HDMI yenye uwezo wa gigabiti 18 kwa sekunde. Ikifika picha 120, tumia kebo ya gigabiti 48, na kebo halisi ya daraja hilo huwa na lebo ya uthibitisho yenye msimbo wa kupigwa picha kwa simu kwenye pakiti yake. Kebo dhaifu hujitambulisha: picha inakatika, inaweka vumbi la nukta nyeupe, au HDR haiwaki kabisa. Usiuze TV ya bei kubwa ukamwachia mteja kebo ya king'amuzi cha zamani.

Baadhi ya TV pia hufunga uwezo mkubwa wa tundu la HDMI mpaka uufungue mwenyewe. Kwenye LG tafuta palipoandikwa HDMI Deep Colour, kwenye Samsung Input Signal Plus, na kwenye Sony chagua Enhanced format katika mipangilio ya HDMI. Washa kwa tundu lile lile lililochomekwa mashine ya gemu.

Pili, ondoa TV kwenye hali ya duka. TV ikiwashwa mara ya kwanza huuliza kama iko nyumbani au dukani. Akichagua dukani, rangi zitakolea kupita kiasi na TV itarudia mipangilio hiyo kila baada ya muda. Achague nyumbani, kisha aingie kwenye hali ya Game. Hali hiyo hupunguza uchakataji wa picha, na hivyo kupunguza muda kati ya kubonyeza pedi na mchezaji kupiga mpira. Kwa kijana anayecheza kwa fedha yake, huo si muda mdogo.

Tatu, zima kubana umeme na kihisi cha mwanga wa chumba. Vitu hivi viwili hushusha taa ya TV bila kuuliza mtu, na pengine ndivyo vinavyosababisha giza lote linalolalamikiwa. Anza navyo ikiwa mteja ana dakika mbili tu.

Nne, elewa neno Brightness. Katika TV nyingi, neno hilo haliongezi taa. Linainua au kushusha weusi. Mteja akiona giza hulipandisha hadi mwisho, na matokeo yake usiku unakuwa wa kijivu kama moshi huku jua likibaki lilelile. Taa yenyewe iko palipoandikwa Backlight, na kwenye OLED huitwa OLED Light au OLED Pixel Brightness. Hiyo ndiyo ipandishwe hadi juu wakati wa HDR, na Brightness irudishwe ilikotoka kiwandani. Kwenye Sony mpya mambo yamegeuzwa: Brightness ndiyo taa, na weusi uko palipoandikwa Black level. Mwulize mteja jina la TV kabla ya kumwelekeza.

Tano, upana wa rangi za RGB. Mashine na TV zote mbili ziwekwe kwenye hali ya kujichagulia. Moja ikisema kamili na nyingine ikisema pungufu, vivuli vyote vitamezwa na weusi, au picha nzima itapauka. Watu wengi wamelaumu kioo kwa kosa hili.

Mashine nayo ipimishwe

Baada ya TV, ni zamu ya mashine ya gemu. Kwenye PS5 ingia kwenye mipangilio, sehemu ya Screen and Video, kisha chagua Adjust HDR. Kwenye Xbox nenda kwenye mipangilio ya TV, kisha Calibrate HDR for games. Zote mbili hufanya kazi ileile: huonyesha alama juu ya mandhari yenye mwanga mkali, nawe unaongeza hadi alama iwe karibu kutoweka. Hapo mashine inajua TV inaishia wapi, nayo haitamtwika mpagazi kilo asizoziweza. Kuna pia ukurasa wa giza, ambao hupima weusi wa chini.

Hatua hii ifanywe baada ya kuweka hali ya Game, kwa sababu kila hali ya picha ina mwisho wake. Ukipima ukiwa kwenye Vivid halafu ukacheza kwenye Game, vipimo vyote ni bure. Ikiwa TV ina chaguo linaloitwa HGIG, liwashe kabla ya kupima. HGIG ni utaratibu uliokubaliwa kati ya watengenezaji wa gemu na wa TV ili TV isibadilishe tena mwangaza ambao mashine imeshaupanga. Bila hivyo, mashine inapunguza, TV nayo inapunguza tena, na picha inafifia mara mbili.

Kwenye PS5 angalia pia namna HDR ilivyowashwa. Ikiwekwa iwake muda wote, hata gemu na programu zisizo na HDR zitageuzwa kwa nguvu, na rangi zake zinaweza kupoa. Chagua On When Supported, ili iwake tu pale gemu inapokuwa nayo.

Gemu nyingine zina ukurasa wao wa HDR. Zikiuliza kilele cha mwangaza, weka namba inayokaribia niti halisi za TV. Usiweke kubwa kwa tamaa. TV ya 350 ikiambiwa kilele ni 4,000, mawingu yote yatakuwa shuka jeupe.

Chumba nacho kina neno

Banda la gemu la mabati lenye mlango wazi saa saba mchana ni adui wa HDR. Mwanga unaoangukia kwenye kioo hufunika vivuli, hata TV iwe ya bei gani. Mwelekeze mteja aigeuze TV isitazamane na mlango, au atundike pazia zito. Kitenge cha zamani mlangoni ni nafuu kuliko TV mpya.

Akishindwa kupunguza mwanga, na TV yake ikiwa ya niti 300, mwambie azime HDR kwenye mashine. Hilo halina aibu. Picha ya kawaida ya 4K kwenye TV hiyo itang'aa zaidi, mpira utaonekana, na vijana watalipa. Jioni giza likiingia anaweza kuiwasha tena na kujionea tofauti.

Amkumbuke pia mwenye umeme. Taa ya TV ikipandishwa hadi juu, inakula zaidi. Lebo ya matumizi ya umeme ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika kwenye TV Machi 2021, huonyesha daraja la picha ya kawaida na la HDR kila moja peke yake, kwa sababu matumizi hayafanani. Mwenye banda anayenunua LUKU, tokeni au Yaka kwa fedha ya siku anapaswa kulijua hilo kabla ya kuwasha TV tano kwa wakati mmoja. Na kwa kazi ya banda, usimshawishi anunue OLED kwa sababu ya uzuri wake tu. Ubao wa magoli unaokaa pembeni saa kumi kwa siku unaweza kuacha kovu kwenye kioo.

Uuze kwa maneno yaliyo wazi

Mfanyabiashara anayevusha TV ana uwezo wa kumaliza sehemu kubwa ya ugomvi huu akiwa bado kwa muuzaji wa jumla. Beba PS4 moja na kebo yake nzuri, au flashi yenye video ya HDR. Chomeka kwenye TV moja ya modeli unayotaka, iweke kwenye hali ya nyumbani, kisha tazama vitu viwili: kama mawingu yana umbo, na kama mtu aliyesimama kivulini anaonekana. Mfano mmoja ukifeli, usichukue kumi.

Ukifika kwa mteja, kuna sentensi moja ya kumwambia kabla hajatoa fedha. Ama, "hii inapokea HDR lakini mwanga wake ni wa kawaida, kwa banda la mchana utaizima." Au, "hii ina nguvu ya HDR yenyewe, na bei yake ndiyo hii." Iandike kwenye risiti pamoja na jina la modeli. Mteja aliyeelezwa hawezi kusema alidanganywa, na aliyevuka mpaka kuja kununua kwako atakuwa na sababu ya kurudi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini TV nzuri iliyopangwa vibaya nayo hujitembeza: hutoka Kariakoo hadi Kigali, ikarudi hadi Kariakoo, na nauli ni yako. Kwa hiyo simu ile ikipigwa, usianze kwa kubishana wala kuahidi kurudisha fedha. Muulize mteja kwanza kama amezima kubana umeme.